Hawakutazamiwa Kufika Umri wa Kazi



Aliyepata diploma ya Serikali hasahau majuma yanayofuata matokeo. Shangazi anauliza, jirani anauliza, baba mdogo aliyekuja kutoka mbali anauliza: sasa utasoma nini, utafanya kazi gani? Swali hilo linachosha, hasa pale ambapo kazi zenyewe ni chache na mfuko wa mzazi ni mtupu. Lakini ndani yake mna heshima. Anayekuuliza utafanya kazi gani amekwisha kukubali moyoni mwake kwamba utaishi. Leo tunataka kuwasimulia habari za watu ambao kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza swali hilo, wala wazazi, wala walimu, wala waganga wa hospitali, na mambo yaliyowapata walipofika umri wa kulijibu.

Ugonjwa wao waganga wenye kusema Kifaransa wanauita mukovisidozi. Ni ugonjwa wa kurithi, na njia yake ya kurithiwa ni ileile tunayoijua kwetu kwa ugonjwa wa damu unaoitwa SS: baba anabeba jeni moja yenye kasoro, mama naye anabeba moja, wote wawili ni wazima na hawajui lolote, na kila mimba yao ina hatari ya moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Katika mwili wa mtoto huyo chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye utando wa viungo. Ute wa mapafu, ambao kwa mtu mwenye afya ni mwepesi, kwake unakuwa mzito kama gundi. Vijidudu vinakaa humo, na mapafu yanaharibika polepole, mwaka baada ya mwaka. Kongosho nayo inaziba, hata chakula chenye mafuta kinapita bila kusagwa, na mtoto anakonda ingawa anakula sana. Jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Zamani, katika vijiji vya Ulaya, watu waliamini kwamba mtoto ambaye paji la uso wake lina ladha ya chumvi unapombusu hatakawia kufa. Hawakujua sababu yake. Walikuwa wameona tu, na wamezika.

Ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini si wao peke yao. Jambo hilo tutalirudia.

Mwaka 1936 mganga wa Uswisi, Guido Fanconi, aliandika juu ya watoto waliougua mapafu na kongosho kwa pamoja. Lakini aliyeupambanua ugonjwa wenyewe wazi na kuupa mahali pake katika vitabu ni Dorothy Andersen, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa amenyimwa kazi aliyoichagua. Alizaliwa mwaka 1901 huko Asheville, Marekani. Baba yake alikufa angali msichana, mama yake akafuata, naye akabaki peke yake kabla ya kutimiza miaka 20. Alisoma uganga katika Johns Hopkins, akamaliza mwaka 1926, akataka kuwa mpasuaji. Akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Basi akaingia katika kazi ambayo wengi waliiona ni ya pembeni: kuchunguza miili ya waliokufa ili kujua kilichowaua. Katika hospitali ya watoto huko New York aliletewa maiti ya mtoto aliyesadikiwa kufa kwa ugonjwa wa tumbo unaochochewa na ngano. Andersen alipotazama kongosho aliona makovu yasiyolingana na ugonjwa huo. Mwingine angeandika jina lililokwisha kuandikwa, akafunga daftari. Yeye akaanza kutafuta katika kumbukumbu za maiti nyingine, za hospitali yake na za kwingine, mpaka mwaka 1938 akatangaza habari za watoto 49 waliokufa kwa ugonjwa mmoja ambao haukuwa na jina. Wengi walikuwa wachanga.

Miaka kumi baadaye, wakati wa joto kali la mwaka 1948, watoto wenye ugonjwa huo waliletwa hospitalini New York wakiwa wamelegea, maji na chumvi vimewaisha mwilini. Mganga Paul di Sant'Agnese, aliyefanya kazi pamoja na Andersen, akajiuliza kwa nini joto linawaangusha hawa kuliko wengine. Mwaka 1953 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba chumvi inapotelea katika jasho. Tangu mwaka 1959 kukawa na namna nyepesi ya kupima jasho hilo. Kile ambacho mama wa kijijini alikuwa amekionja kwa midomo yake, sasa kikapimwa katika chupa ya maabara.

Kujua ugonjwa hakukuwa kuuponya. Mwaka 1955 wazazi wa Marekani waliunda chama chao, na kuanzia mwaka 1957 mganga LeRoy Matthews huko Cleveland akaanza kuwatunza watoto kabla hawajaanguka, si baada ya kuanguka. Mzazi alimlaza mtoto kichwa kikiwa chini, akampigapiga mgongoni kwa viganja, asubuhi na jioni, ili makohozi yalegee na kutoka. Usiku mtoto alilala ndani ya hema lililojazwa ukungu wa maji. Mahema hayo baadaye yalionekana hayana faida, yakaachwa; viganja vya wazazi vilibaki. Hata hivyo, katika mwaka 1962 hesabu za Marekani zilionyesha kwamba nusu ya watoto hao hawatazamiwi kupita miaka 10. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na mtoto wa namna hiyo darasani angemwuliza nini juu ya kazi?

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi naliona ni kiini cha historia hii, ingawa ni jambo la karatasi tu. Katika Uingereza matibabu yako mikononi mwa Serikali tangu mwaka 1948. Mwaka 1968 Serikali ilirudisha malipo ya dawa ambayo yalikuwa yamefutwa miaka mitatu kabla. Kusudi wenye magonjwa ya kudumu wasielemewe, ikaandikwa orodha ya magonjwa yanayosamehewa: kisukari, kifafa na mengine machache. Mukovisidozi haikuandikwa. Aliyeandika orodha hakuwa na roho mbaya. Watoto walikuwa wamekwisha kusamehewa kwa ajili ya umri wao, na mtu mzima mwenye mukovisidozi hakutazamiwa kuwako. Ni kama vile karani anavyopanga viti vya mkutano: hawezi kumwekea kiti mtu asiyedhani kwamba atakuja.

Lakini walikuja. Huko London, hospitali ya Brompton ilikwisha kufungua mwaka 1965 kliniki ya watu wazima wenye ugonjwa huo, na kila mwaka waliongezeka. Orodha ya 1968 haikurekebishwa kwa ajili yao. Wales walifuta malipo yote ya dawa mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010, Uskoti mwaka 2011. England ingali inatoza, karibu paundi 10 kwa kila dawa, ingawa mtu anaweza kulipa mara moja kwa mwaka mzima ili apunguziwe. Maskini wanaopokea misaada fulani ya Serikali hawatozwi. Anayetozwa ni yule aliyepata kazi.

Kati ya waliokuja bila kutazamiwa kuna mmoja ambaye inafaa vijana wanaosoma sayansi wamjue. Paul Quinton alizaliwa Marekani mwaka 1944. Alikohoa utoto wake wote. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu alikwenda maktabani kusoma juu ya kikohozi chake, akakuta katika kitabu habari za ugonjwa wa watoto, na habari hizo zilikuwa zake. Katika miaka hiyo vitabu havikumpa mgonjwa wa namna yake nafasi ya kuzeeka. Yeye akachagua kazi ya kuuchunguza ugonjwa wake mwenyewe, na akatafuta jibu mahali ambapo wengi walipaona hapana maana: si katika mapafu yanayoua, bali katika jasho lisiloua. Alitumia vijifereji vya jasho vilivyotolewa katika ngozi yake mwenyewe. Kwa mtu mzima wa afya, jasho linapopanda kuelekea juu ya ngozi, kijifereji hurudisha chumvi mwilini kabla haijatoka. Mwaka 1983 Quinton alitangaza kwamba katika vijifereji vya wagonjwa mlango wa kloridi, ambayo ni sehemu moja ya chumvi, umefungwa. Mwaka 1989 Lap-Chee Tsui, Jack Riordan na Francis Collins pamoja na wenzao walipata jeni yenyewe katika kromosomu ya 7, na ikadhihirika kwamba kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza mlango uleule ambao profesa mwenye kukohoa alikuwa ameutaja miaka sita kabla.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila mgonjwa alitakiwa kuwa profesa. Wengi walitaka mshahara tu, na siku yenye shughuli. Tuitazame siku hiyo. Mtu huyu anaamka kabla ya wenzake, kwa maana utunzaji wake unamchukua karibu saa mbili kila siku: kuvuta mvuke wa dawa kwa mashine, kusafisha kifua, kusafisha mashine yenyewe isije ikazaa vijidudu. Kisha anakwenda kazini. Saa ya chakula anameza vidonge vya kumsaidia kusaga, na wenzake wanatazama. Akikohoa, wanatazama zaidi. Sisi tunaopanda taksi-basi tunajua jinsi abiria wanavyogeuka na kufunika pua mtu anapokohoa kwa nguvu. Kila mmoja anawaza kifua kikuu. Kikohozi cha mukovisidozi hakimwambukizi mtu ugonjwa huo, kwa sababu ni wa kurithi, lakini nani ana nafasi ya kueleza hayo kila asubuhi? Tena mara moja au zaidi katika mwaka vijidudu vinaweza kumshinda, akalazwa majuma mawili kupewa antibiotiki kwa njia ya mshipa, na kiti chake ofisini kikabaki wazi.

Kwa hiyo kuchagua kazi kulimtaka ajue mambo ambayo vijana wengine hawayafikirii. Vumbi la mbao kwa seremala, unga hewani kinuni, dawa za nywele saluni, moshi wa kuchomelea chuma: vyote ni adui wa mapafu yaliyokwisha kujeruhiwa. Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi wanajua jinsi vumbi la mgodi linavyomtenda hata mtu aliyeingia na mapafu mazima. Nyasi kavu zenye ukungu katika zizi la farasi zina vimelea vinavyoota ndani ya kifua. Kazi ya juani au mbele ya tanuri la mikate inamaliza chumvi yake, kama ilivyokuwa New York mwaka 1948. Ualimu ni kazi njema, lakini darasa la watoto wadogo halikosi mafua. Hata hivyo walikuwako walimu. Lisa Bentley wa Kanada alifundisha hisabati katika shule ya sekondari kabla ya kuwa mshindani maarufu wa mbio ndefu zinazounganisha kuogelea, baiskeli na miguu. Wengi walivutwa na uuguzi na uganga, kwa kuwa walilelewa hospitalini na kuwapenda waliowatunza. Hapo walikuta kizuizi cha ajabu, ambacho historia yake inaanzia katika shamba la vitunguu.

Walter Burkholder alikuwa mchunguzi wa magonjwa ya mimea katika chuo kikuu cha Cornell. Mwaka 1950 aliandika juu ya bakteria waliokuwa wakiozesha vitunguu vya wakulima wa jimbo la New York. Hakuna aliyefikiri kwamba viumbe hao wana neno na binadamu. Lakini katika miaka ya 1980 bakteria wa ukoo huo, ambao leo wanabeba jina lake, walionekana katika mapafu ya wagonjwa wa mukovisidozi, na baadhi ya walioambukizwa walikufa katika muda mfupi sana. Ikagunduliwa kwamba wagonjwa wanaambukizana wao kwa wao. Kabla ya hapo vijana hao walikuwa na kambi zao za likizo, mahali pekee ambapo kikohozi hakikumshangaza mtu, ambapo mwenye miaka 12 alimwona mwenye miaka 25 na kujua kwamba inawezekana. Katika miaka ya 1990 kambi hizo zilifungwa. Tangu hapo wanaagizwa wasikaribiane, na mwenye kazi ya uuguzi asiwahudumie wenye ugonjwa kama wake.

Fikirini maana yake kwa kazi. Wafanyakazi wa viwanda na wa migodi, kila mahali duniani, walipata haki zao kwa kukusanyika: ukumbi mmoja, mkutano mmoja, sauti moja. Hawa hawawezi kuketi chumba kimoja. Haki walizopata zilidaiwa na wazazi wao, na waganga wao, na walemavu wa namna nyingine walioandamana kwa ajili ya wote.

Sheria kubwa ya Marekani ya haki za walemavu ilitiwa sahihi mwezi wa saba mwaka 1990. Inamkataza mwajiri kumwuliza mwombaji juu ya ulemavu wake kabla ya kumpa kazi, na inamtaka afanye marekebisho yasiyomlemea: aanze kazi saa moja baadaye, apate mahali pa faragha pa kuvuta dawa, afanye kazi nyumbani siku fulani. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 15 haimo katika sheria hiyo. Uingereza ikafuata kwa sheria yake mwaka 1995. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kulijibu swali ambalo kila mmoja wao analo: nimwambie mwajiri au ninyamaze? Ukisema mapema, waweza kukosa kazi na usijue kamwe kwa nini. Ukinyamaza, siku ya kulazwa hospitalini utaonekana mvivu au mwongo. Nimekuta washauri wanaotoa jibu moja kwa wote, mimi siwaamini. Mtu anayefanya kazi ya hesabu katika ofisi ya watu mia tatu na mtu anayeuza dukani kwa bwana mmoja hawako mbele ya mlango mmoja.

Huko Marekani palikuwa na minyororo mingine, na hii nadhani ndiyo ilikuwa mizito kuliko yote. Tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ilipozuia mishahara isipande, waajiri walianza kuwavuta wafanyakazi kwa kuwalipia bima ya matibabu. Desturi hiyo ikabaki. Kwa hiyo mgonjwa hakuchagua kazi kwa kipaji chake. Alichagua bima, na kazi ikaja nyuma yake. Aliyependa kufungua karakana yake, au kuchora, au kufanya kazi katika duka dogo la rafiki, alijua kwamba kampuni za bima zinaweza kumkataa yeye aliyekwisha kuwa mgonjwa. Aliyechukia kazi yake hakuthubutu kuiacha. Aliyetegemea matibabu ya Serikali kwa maskini aliona ajabu nyingine: akipata mshahara unaopita kipimo, anaondolewa. Mtu angeweza kukataa nyongeza ya mshahara ili asipoteze dawa. Vifungo hivyo vilifunguliwa kimoja kimoja. Sheria ya mwaka 1993 ilimpa mfanyakazi wa kampuni kubwa majuma 12 ya kuugua bila mshahara lakini bila kufukuzwa. Ile ya 1996 ilimrahisishia kuhama kazi na bima yake. Ile ya 1999 iliruhusu majimbo kuwaachia walemavu wanaofanya kazi matibabu ya Serikali. Ile ya 2010, kuanzia mwaka 2014, ilikataza bima kumkataa mtu kwa ugonjwa alionao. Hesabuni: tangu Andersen aandike mpaka hapo ni miaka 76.

Ufaransa ilikwenda kwa njia nyingine. Huko bima ya taifa hulipa gharama zote za magonjwa makubwa ya muda mrefu, na mukovisidozi imo. Sheria ya mwezi wa saba mwaka 1987 ilizitaka kampuni zenye wafanyakazi 20 na zaidi ziwe na asilimia 6 ya wafanyakazi walemavu, au zilipe. Lakini aliyewafanya Wafaransa waujue ugonjwa huu hakuwa mbunge. Baadhi ya kaka na dada zenu wakubwa waliotazama televisheni ya Ufaransa watamkumbuka Grégory Lemarchal, kijana aliyeshinda mashindano ya uimbaji ya Star Academy mwishoni mwa mwaka 2004. Alichagua kazi ambayo chombo chake ni pumzi, naye pumzi ndiyo aliyokosa. Alitoa albamu yake mwaka 2005, akazunguka miji kuimba mwaka 2006, akafa tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 2007 akingojea mapafu ya kupandikizwa. Alikuwa na miaka 23.

Naandika juu yake kwa uangalifu. Pia ningeweza kuandika juu ya Nathan Charles, aliyeichezea Australia mchezo wa raga mwaka 2014 akiwa na ugonjwa huohuo. Habari hizi ni za kweli na zinatia nguvu. Lakini mgonjwa mwingine anapoonyeshwa mwimbaji na mchezaji kila siku, anaanza kujiona mkosaji kwa kuwa yeye anachoka kupanda ngazi. Mukovisidozi haiwapigi wote kwa uzito mmoja. Kuna kasoro nyingi za jeni hiyo, na nyingine ni kali kuliko nyingine. Karani aliyeshika kazi yake miaka kumi, akiamka gizani kusafisha kifua, hajaimbiwa na mtu. Na yule aliyelazimika kuacha kazi akiwa na miaka 28, kwa kuwa kazi ya kubaki hai ilimjazia siku nzima, naye hakushindwa.

Mwezi wa kwanza mwaka 2012 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya namna mpya. Dawa za zamani zilipigana na vijidudu na makohozi. Hii iliufungua mlango wenyewe wa kloridi. Iliwafaa wagonjwa wachache tu, wenye kasoro fulani. Mwezi wa kumi mwaka 2019 ikaja nyingine, ya dawa tatu pamoja, iliyowafaa karibu tisa kati ya kumi. Wengi waliona makohozi yakilegea katika siku za kwanza. Watu waliokuwa wakingoja mapafu ya kupandikizwa waliondolewa katika orodha kwa sababu hawakuyahitaji tena.

Hapo kukazuka taabu ambayo hakuna aliyeitazamia. Mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba hatafika miaka 30 hakuweka akiba ya uzee. Kwa nini angeweka? Wengine hawakumaliza masomo, au walichukua kazi yoyote iliyokuwa karibu na hospitali. Sasa wana miaka 40, wanapumua, na wanaketi mbele ya mtu wa ofisi anayewauliza juu ya pensheni. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini watu wazima wenye mukovisidozi wamekuwa wengi kuliko watoto. Waganga waliosomea magonjwa ya watoto wanaulizwa juu ya magonjwa ya uzee.

Nimesema kwamba tutalirudia jambo la asili. Dawa hiyo ya tatu pamoja, katika Marekani, iliwekewa bei ya dola zaidi ya 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Huko Afrika Kusini wagonjwa walikwenda mahakamani mwaka 2023 kudai njia ya kupata dawa hiyo kwa bei wanayoiweza. Lakini kuna jambo jingine, ambalo bei haiwezi kulitatua hata ikishushwa. Dawa hizi zinarekebisha mlango uliotengenezwa vibaya. Kuna kasoro ambazo zinazuia mlango usitengenezwe kabisa, na kwa hao dawa haina cha kurekebisha. Kasoro inayoonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini, ambayo pia iko kwa weusi wa Marekani, ni ya namna hiyo. Kwa hiyo katika wale karibu mmoja kati ya kumi waliobaki nyuma, watu wenye asili ya Afrika ni wengi kuliko sehemu yao, na wachunguzi wanaendelea kutafuta dawa ya kuwafaa. Mpaka itakapopatikana, kijana mwenye kasoro hiyo anaamka saa kumi na moja alfajiri kama walivyoamka wenzake wa miaka ya 1990, anavuta mvuke wa dawa, anasafisha kifua, anasafisha mashine, kisha anavaa viatu na kwenda kazini.